Je, wajua kwa nini kilomita moja ya kumchukua mtoto shule huchafua hewa kuliko kilomita moja ya kwenda Mombasa?

Saa tisa na nusu alasiri, simama nje ya lango la shule yoyote mjini Malindi utazame nyuma ya magari yanayongoja watoto. Usitazame moshi, tazama maji. Tone, tone jingine, na kwenye mchanga chini ya ekzosi kuna kidimbwi chenye rangi ya masizi. Mama anayeuza viazi karai kando ya lango la shule ya mpwa wangu aliniambia ni maji ya kiyoyozi. Kiyoyozi nacho hudondosha, ila hayo hutokea uvunguni, upande wa mbele, na huwa safi. Haya ya nyuma yamezaliwa na petroli.

Petroli ni kaboni na hidrojeni. Ikiungua, hidrojeni hushikana na oksijeni ya hewani ikawa maji, na si machache: lita moja ya petroli huzaa maji karibu lita moja. Kwa kawaida huyaoni kwa sababu ekzosi ikishika moto hutoka kama mvuke. Ukiyaona yanadondoka, jua ekzosi hiyo bado ni ya baridi.

Baridi na Malindi, wapi na wapi? Mwezi wa tatu hapa, gari lililoachwa juani hukaliki kitini mpaka utandike kanga. Lakini hesabu ya injini ni nyingine. Hewa ya nyuzi 30 kwake ni kipupwe. Maji yake ya kupozea yanatakiwa yafike nyuzi 90 hivi. Halafu kuna kile kifaa cha kusafisha moshi kilicho njiani mwa ekzosi, ambacho wapo mafundi wanaokiita masega, kwa kuwa ndani kina vitundu vingi kama sega la nyuki. Vitundu hivyo vimepakwa platini, paladi na rodi, madini ghali kweli, ndiyo maana wezi wa vipuri wanayapenda. Kazi ya masega ni kuichukua monoksidi ya kaboni, ile gesi ya sumu isiyo na harufu, kuigeuza isiwe sumu, na kuumalizia kuuchoma mvuke wa petroli uliotoroka bila kuungua. Ila hayaanzi kazi mpaka yapate moto wa nyuzi 250 hadi 300. Kabla ya hapo moshi unapita kama ulivyo.

Na injini ikiwa baridi, moshi wenyewe huwa mchafu zaidi. Petroli haigeuki mvuke vizuri kwenye chuma kisichopata moto, kwa hiyo injini hujiongezea mafuta ili isizime, na ziada hiyo haiungui yote. Anayetoka Malindi kwenda Mombasa, kilomita 120 hivi, hupitia hali hiyo mara moja tu. Kabla hajafika Gede masega yake yameshika moto, na safari yote iliyobaki moshi wake ni mwepesi. Anayekwenda shuleni kilomita 2 hufika wakati injini ndiyo kwanza inaamka. Sumu ya safari nzima imemwagika kwenye hizo kilomita 2, kisha kesho anaanza upya. Gari ambalo masega yake yaling'olewa zamani, wala halina haja ya kungojewa lipate moto: hilo hutoa moshi mbichi kutwa.

Fundi wangu, ambaye gereji yake ni mwarobaini mmoja na sanduku la spana kule Maweni, hana haja ya kukuuliza gari unalipeleka wapi. Hufungua plagi. Ikiwa na rangi ya kahawia hafifu, kama chai ya maziwa, gari hilo lasafiri. Siku aliyofungua za kwangu alizipanga nne juu ya kitambaa: nyeusi tititi, na ukizigusa zinaacha unga kidoleni kama masizi ya sufuria ya kuni. "Hili la shule hili," alisema, na mimi sikuwa nimemwambia neno. Hunisomea moshi pia. Wa buluu, injini inakula oili. Mweusi, petroli imezidi. Mweupe mwepesi unaopotea, ni mvuke wa yale maji tuliyoyaanza.

Hiyo ni injini inayotembea. Tatizo la pili ni injini iliyosimama.

Malindi si Nairobi. Hatuna foleni za kumfanya mtu achelewe ndege. Foleni yetu ni hii ya dakika 20 langoni, na ukiichunguza utakuta haisababishwi na wingi wa magari bali na mlango mmoja. Tuseme yapo magari 40, na kila mtoto anahitaji nusu dakika ili aonekane, aitwe, aingie, mlango ufungwe, akumbuke chupa ya maji, arudi kuifuata. Nusu dakika mara 40 ni dakika 20. Mzazi asiyetaka kungoja dakika 20 anawahi. Wenziwe nao wanawahi. Kungoja hakukupungua, kumehamia tu saa tisa na robo. Na kwa kuwa ni saa tisa na robo ya Malindi, injini haizimwi, kwani ikizimwa na kiyoyozi kinakata.

Gari dogo lililosimama huku injini na kiyoyozi vikifanya kazi hula petroli karibu lita moja kwa saa, zaidi au pungufu kidogo kutegemea gari. Wapo wanaoamini kwamba kuzima na kuwasha ndiko kunakokula mafuta zaidi. Kwa magari ya kabureta ya zamani palikuwa na maneno. Kwa haya ya sasa, ukisimama zaidi ya sekunde kumi hivi, kuzima kuna nafuu.

Nilipiga hesabu yangu mwenyewe nyuma ya risiti. Kutoka nyumbani hadi shule ni kilomita 2. Asubuhi gari linakwenda na mtoto, linarudi tupu. Alasiri linakwenda tupu, linarudi na mtoto. Mtoto amesafiri kilomita 4, gari limekwenda 8. Hili lilinishtua kuliko yote: nusu ya safari za shule ni za kusafirisha kiti. Kwa mwendo wa mjini hiyo ni lita moja, na ile dakika 20 ya langoni ni theluthi ya lita. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa kilo 2.3 za dioksidi ya kaboni, yaani hewaukaa. Jumla inafika kilo 3 kwa siku, pengine uzito wa mkoba wa shule wa huyo mtoto.

Hapa wengi huuliza, na wana haki: petroli lita moja ina uzito wa robo tatu ya kilo, inawezaje kutoa kilo 2.3 za gesi? Kwa sababu gari halichomi petroli peke yake. Kila chembe ya kaboni, yenye uzito wa 12, hukamata chembe mbili za oksijeni kutoka hewani, zenye uzito wa 32 kwa pamoja. Sehemu kubwa ya uzito wa hewaukaa ni oksijeni iliyokuwa ikielea hapo nje ya lango.

Sasa tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kuna kinachobaki langoni na kuna kinachokwenda zake. Hewaukaa inakwenda zake: haimkohozi mtu, inapaa na kujichanganya na ya dunia nzima, na huko hukaa karne na karne. Inayobaki ni masizi, monoksidi ya kaboni na oksidi za nitrojeni.

Mtoto wa gredi ya kwanza, pua yake iko kama mita moja kutoka ardhini, na ekzosi inapuliza chini ya hapo. Mimi moshi hunifika ukiwa umeshachanganyika na hewa, yeye anaupata wa moto moto. Tena anapumua haraka kuliko mimi, na kwa kila kilo ya mwili wake anavuta hewa nyingi zaidi, kwenye mapafu ambayo bado yanakua. Monoksidi ya kaboni hung'ang'ania damu mara zaidi ya 200 kuliko oksijeni. Chembe ndogo za masizi, zile za mikroni 2.5 kushuka chini, ni nyembamba kuliko unywele mara 20 na zaidi, kwa hiyo pua haizinasi, zinashuka hadi ndani kabisa ya mapafu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango chake cha chembe hizo kwa wastani wa mwaka kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita ya ujazo ya hewa. Na aliyejifungia garini asijione amepona, maana feni inavuta hewa kutoka mkiani mwa gari lililo mbele yake, isipokuwa akibonyeza kile kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani.

Kipimo changu mimi ni kabati la vioo la yule mama wa viazi. Kioo kinachotazama ukuta kina mafuta tu. Kinachotazama barabara hukifuta kwa gazeti kila jioni, na gazeti hutoka na ukungu wa kijivu usiotoka kwa maji matupu. Kusi ikivuma, husema, mambo huwa afadhali. Maleleji yakiingia, upepo haujui uelekee wapi, moshi hukaa palepale, naye hufunika vitu vyake kwa kanga mpaka magari yaondoke.

Tusiwasahau tuktuk, washtakiwa wa kila siku. Zile kuukuu za kuchanganya oili na petroli zilistahili lawama zote, na bado zipo zinazokata koo. Ila hesabu kwa kichwa cha mtoto: tuktuk moja imebeba watoto sita na nafasi iliyochukua barabarani ni ndogo kuliko ya gari lililokuja kumchukua mmoja. Basi la shule la manjano ndilo linalowashinda wote. Watoto 60 katika mita 12 za barabara. Yale magari 40 yakipangwa mkia kwa pua yanakula mita 240.

Ile gesi iliyokwenda zake nayo ina njia ya kurudi. Malindi ina hifadhi ya bahari tangu 1968, sawa na Watamu, za mwanzo kabisa nchini. Mwaka 1998, mwaka wa El Niño kali, maji yalipata joto kupita kiasi na matumbawe mengi ya hapa yakapauka na kufa. Robo hivi ya hewaukaa ambayo binadamu anaitoa humezwa na bahari na kuifanya iwe na asidi zaidi, na tumbawe hujenga nyumba yake kwa shida kwenye maji hayo. Ningekuwa mwongo nikisema magari ya lango letu ndiyo yaliyoyaua matumbawe. Mchango wetu katika hewaukaa ya dunia ni tone. Ila masizi ya kabati la yule mama ni yetu peke yetu, hakuna nchi ya kuisingizia.

Nina shangazi Lamu, na kila nikimweleza habari za foleni ya shule hucheka. Mji wa kale wa Lamu, ulioingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, una vichochoro ambavyo punda wawili wenye shehena wakikutana sharti mmoja arudi nyuma. Watoto huenda kwa miguu, wamepangana, kanzu na mabuibui vikipepea, na kelele yao hufika nyumbani kabla yao. Pikipiki zimeanza kuingia kisiwani na zimezua ugomvi, lakini lango la shule la kule bado lanuka chumvi na samadi.

Mbishi atasema punda naye anachafua. Ni kweli, na hesabu ipo: wataalamu wa hewa ya dunia humwandikia punda kilo 10 za methani, gesi ya tumboni mwake, kwa mwaka. Methani huipasha dunia joto mara 28 hivi kuliko hewaukaa, kwa hiyo ni kama kilo 280 za hewaukaa, sawa na petroli lita 120 au zaidi kidogo. Gari langu la shule, kwa ile lita moja na theluthi kwa siku, linamfikia punda wa mwaka mzima katika siku 90 za masomo. Na samadi yaweza kuzolewa ikatiwa mnazini.

Malindi kuna Waitaliano wengi kiasi kwamba wauza samaki wanapatana bei kwa Kitaliano, lakini kuna jambo moja la kwao ambalo hatujaliazima. Katika mji wa Bolzano, kaskazini mwa Italia, tangu 1989 walianza kuifunga barabara iliyo mbele ya shule kwa dakika chache asubuhi na wakati wa kutoka. Magari huishia mbali kidogo, watoto humalizia kwa miguu. London na Paris zimeiga. Hakuna mtambo wowote hapo, ni kizuizi na mtu wa kukisogeza.

Mimi sijafika huko. Nilimwuliza fundi plagi zangu zina dawa gani, akasema dawa ni mbili. Ama kila Jumamosi nilipeleke gari Gongoni na kurudi, likimbie, lipate moto, plagi zijichome masizi zenyewe. Ama siku za shule niliache nyumbani. Nilianza na ile ya Gongoni. Wiki ya tatu, nikijaza petroli ya kwenda kuchoma masizi ya petroli, mhudumu wa pampu akaniuliza naelekea wapi, nikakosa la kumjibu.