Maziwa hayaoshi vinasaba: dhana potofu kuhusu sumu na seli shina

"Kunywa maziwa, yanakata sumu." Pale Mwaloni Kirumba, jijini Mwanza, kijana anayehamisha petroli kutoka kwenye dumu kwenda tangi la injini ya mtumbwi huvuta mpira kwa mdomo, akatema, kisha akatafuta maziwa. Wapaka rangi wa magari na wachomeleaji nao wanaamini hivyohivyo, na wapo waajiri wanaogawa maziwa badala ya barakoa.

Petroli ina kemikali iitwayo benzini ndani yake, na benzini haihitaji kumezwa ili idhuru. Mvuke wake huvutwa mapafuni na kuingia kwenye damu, wakati maziwa yanakwenda tumboni. Hayo mawili hayakutani. Ini hujaribu kuivunja benzini ili itoke kwa mkojo, lakini katika kuivunja huzalisha vitu vikali kuliko benzini yenyewe. Baadhi hufika kwenye uloto, ule ute ulio ndani ya mifupa, na huko hugeuzwa tena kuwa kwinoni, kemikali zinazojeruhi na kukata nyuzi za DNA, zinazobeba vinasaba vyetu. Na uloto ndiyo makao ya seli shina za damu, zile seli chache ambazo uzao wake ni damu yote tuliyo nayo. (Aliyemeza petroli asitapishwe, kwa maziwa wala kwa kitu kingine. Ikipita kooni mara ya pili inaweza kuingia mapafuni, na hapo hatari ni kubwa zaidi. Apelekwe hospitali.)

Dhana ya pili ndiyo inayonisumbua zaidi, kwa sababu nusu yake ni kweli: "Mwili unajijenga wenyewe, damu mbaya itatoka na mpya itaingia." Damu mpya huingia kweli. Mtu mzima mwenye afya hutengeneza seli nyekundu zipatazo milioni 2 kila sekunde, na kila moja huishi siku 120 hivi. Lakini damu hiyo mpya inatoka kwenye seli shina zilezile zilizokutana na sumu. Kama jeraha la vinasaba limebaki ndani ya seli shina, kila kizazi kinachotoka kwake kinalirithi.

Seli shina, iwe ya damu au ya sehemu nyingine ya mwili, ikijeruhiwa DNA yake haikai kimya. Protini ziitwazo vihisi huona mkato, na protini ya p53 husimamisha mgawanyiko wa seli. Hapo njia hugawanyika. Seli inaweza kutengeneza jeraha na kuendelea na kazi. Inaweza kujiua ili jeraha lisiende mbele. Inaweza pia kuacha ushina wake, ikakomaa kuwa seli ya kawaida na kumaliza maisha yake hivyo. Mwaka 2009 watafiti wa Japani walionyesha kwamba panya waliopigwa mionzi walipata mvi kwa njia hiyo, seli shina za rangi ya nywele zikikomaa kabla ya wakati na kuisha. Au inaweza kutengeneza jeraha vibaya na kuishi. Hiyo ya mwisho ndiyo inayozaa saratani.

Wengi hudhani seli shina zote huchagua njia moja. Hapana. Za utumbo mwembamba hugawanyika kila mara, kwa kuwa ngozi ya ndani ya utumbo hubadilishwa kila baada ya siku 3 hadi 5, na zikijeruhiwa hujiua upesi. Seli jirani zilizokuwa zimeanza kukomaa hurudi nyuma na kushika nafasi zao. Za utumbo mpana hufa kwa shida zaidi, na hilo ni mojawapo ya maelezo ya kwa nini saratani ya utumbo mpana ni ya kawaida kuliko ya utumbo mwembamba. Za damu ni jambo jingine kabisa. Muda mwingi zimelala, hazigawanyiki, na usingizi huo huzilinda na sumu nyingi zinazowinda seli zinazogawanyika. Ila usingizi una gharama yake. Seli inayojiandaa kugawanyika ina nakala ya pili ya DNA ya kusoma inapotengeneza mkato, iliyolala haina. Hivyo huunganisha ncha mbili tu, kama mvuvi anayefunga fundo wavu uliochanika gizani bila kuona jicho lipi lilishikana na lipi. Wavu unashika, lakini mpangilio wake si ule wa mwanzo. Ndiyo maana leukemia, saratani ya damu, inayoletwa na benzini inaweza kujitokeza miaka mingi baada ya mtu kuacha kazi ile, na yeye mwenyewe ameshasahau.

Wengine husema, "Kitu cha asili hakidhuru." Sumukuvu ni ya asili kabisa, kuvu huitengeneza kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu, nayo hujibandika kwenye DNA ya seli za ini. Kupika hakuimalizi. Punje zenye ukungu zichambuliwe na kutupwa, hata kuku wasipewe. Moshi wa kuni unaokausha sangara una benzini pia. Gongo nayo, inayosifiwa kwamba inasafisha damu, hugeuka mwilini kuwa asetaldehidi, kemikali inayojeruhi DNA. Mwaka 2018 watafiti wa Cambridge, Uingereza, walionyesha kwamba kwa panya waliokosa kinga dhidi ya asetaldehidi, pombe ilivunja na kuvuruga kromosomu, yaani vifurushi vya DNA, za seli shina za damu.

Kuna dhana nyingine inayogharimu maisha ya watoto. Kanda yetu ya Ziwa ina limfoma ya Burkitt, uvimbe wa taya au tumbo unaokua kwa kasi kuliko karibu saratani zote. Mzazi huona mtoto anayeanza dawa nywele zinadondoka na damu inashuka, akasema, "Dawa inamuua," akamrudisha nyumbani. Ni kweli kwamba siklofosfamidi, mojawapo ya dawa kuu za ugonjwa huo, inajeruhi DNA kwa makusudi. Seli za uvimbe, zinazogawanyika bila kupumzika, ndizo zinazoumia zaidi, pamoja na seli za mizizi ya nywele na zile za damu zinazokomaa. Seli shina zilizolala husalimika kwa wingi, na ndizo zinazorudisha damu na nywele baadaye. Mama, baba, mtoto asikatishwe dozi. Hatari ya dawa hiyo kuleta saratani nyingine miaka ijayo ipo, ni ndogo, na uvimbe wenyewe usiotibiwa hauisubiri miaka hiyo.

Vidonge vya "seli shina" vinavyouzwa mitaani kwa bei ya mbuzi kadhaa visituchukue muda. Seli zinazotajwa humo ni za mmea, nazo zikimezwa humeng'enywa kama mchicha. Kupandikiza uloto ni tiba nyingine, hufanywa hospitalini na wataalamu.

Kwa anayeshinda kwenye petroli au rangi: pampu ya mkono badala ya mdomo, kazi ifanyike penye upepo, nguo zilizolowa zivuliwe mara moja. Na ukiona uchovu usioelezeka, fizi kutoka damu, michubuko isiyo na sababu au homa zinazorudi ilhali kipimo cha malaria ni safi, omba FBP, kipimo cha picha kamili ya damu, na umwambie daktari kazi unayofanya. Kipimo hicho hakisomi vinasaba. Kinahesabu seli nyekundu, nyeupe na chembe sahani, zile zinazogandisha damu. Zote tatu zikiwa chini kwa pamoja, daktari atataka kuangalia uloto wenyewe.