Mgonjwa wa figo apimwe moyo siku gani kabla ya upasuaji?

"Daktari, mimi naumwa figo, moyo unaingiaje hapa?" Wengi huuliza hivyo tunapowaambia wakapimwe kabla ya upasuaji. Unaingia sana. Figo zikishindwa kazi, maji na chumvi hubaki mwilini, presha hupanda na damu hupungua. Moyo hulazimika kusukuma kwa nguvu hadi kuta zake zinanenepa, au unatanuka na kulegea. Maji yanaweza pia kujaa ndani ya utando unaouzunguka. Na mengi ya hayo hayaumi.

Kipimo chenyewe, ile "eko", ni altrasaundi kama ya wajawazito. Unalalia ubavu wa kushoto, unapakwa jeli kifuani, kama nusu saa hivi. Hakina mionzi, wala hulazimiki kufunga.

Tatizo ni siku ya kupima. Anayetoka Nansio kuja Mwanza kusafishwa damu hupenda kumaliza yote kwa safari moja: asubuhi eko, mchana mashine. Namwelewa, nauli ya meli inauma. Lakini mtumbwi uliojaa maji, utajuaje kama unazama kwa uzito au kwa mbao zilizooza? Moyo uliozidiwa maji huonekana mpana, vali (milango yake ya ndani) zinavuja, presha ya mapafuni iko juu. Maji yakitolewa, baadhi ya hayo hupungua. Kwa hiyo tunapendelea kupima siku inayofuata baada ya kusafishwa. Anayehema au kushindwa kulala chali asisubiri siku hiyo; aje hata usiku.

Majibu humsaidia mtaalamu wa usingizi kupanga dawa na kiasi cha maji ya dripu. Daktari wa upasuaji naye huyatazama kabla ya kutengeneza fistula ya mkononi (si ile ya uzazi, kina mama msishtuke). Hapo ateri, mshipa unaotoa damu moyoni, huunganishwa na vena, mshipa unaoirudisha, ili pawe mahali pa kuunganishia mashine, na damu inayorudi moyoni huongezeka. Moyo dhaifu unaweza kulemewa, hivyo pengine tutachagua njia nyingine ya kumwunganisha mgonjwa na mashine. Kwa anayesubiri kupandikizwa figo Muhimbili au Dodoma, moyo kusukuma chini ya kiwango hakumaanishi safari imefutwa. Ipo mioyo inayopata nguvu baada ya figo mpya.

Ukija, beba daftari la uzito wako wa kabla na baada ya mashine. Na mchuzi wa sato wa jana jioni uhesabu, nao ni maji.