Angalizo la mvua kubwa si barua ya ruhusa
Na Afisa Kazi, Tanga

Masika yakishakolea, kaunta ya ofisi ya kazi hupata wageni wa aina mbili. Wa kwanza ni mfanyakazi aliyekatwa mshahara: "Afisa, TMA wenyewe walitangaza, mimi kosa langu nini?" Wa pili ni mwajiri ambaye nusu ya watu wake hawakutokea siku ambayo, kwa maelezo yake, mjini jua lilikuwa linawaka. Wote huja wakiwa na hakika, na ukiwauliza nani alimpigia nani simu, wote hunyamaza.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) haifungi kiwanda, ofisi wala duka. Inatoa taarifa za hali mbaya ya hewa kwa viwango vitatu: angalizo kwa rangi ya njano, tahadhari kwa rangi ya chungwa, na tahadhari kubwa kwa nyekundu. Kiwango hupangwa kwa kupima mambo mawili, uwezekano wa tukio kutokea na ukubwa wa athari zake. Watu husambaza ile ramani yenye rangi na kuacha maelezo ya chini yake, ambako ndiko kumeandikwa athari zinazotarajiwa: makazi kuzungukwa na maji, usafiri kuchelewa, shughuli za baharini kusimama. Angalizo la njano lenye athari ndogo halimpi mtu ruhusa ya kulala. Nyekundu nayo si ya kujibiwa kwa "mbona hapa kwetu kimya".

Hoja hiyo ya "hapa kwetu kimya" ina madhara makubwa kuliko wanaoitoa wanavyodhani. Mto Zigi unaanzia milima ya Amani na kushuka hadi Amboni. Mvua ikinyesha Amani usiku, maji yanamfikia mtu wa Amboni baadaye, wakati bosi wake aliyeko Chumbageni, mjini Tanga, anaanika nguo. Mwajiri anayeamua kwa kuangalia dirisha la ofisi yake anaangalia mahali pasipohusika. Njia ya mfanyakazi ndiyo ya kuulizia. Anayekaa Bweni lazima avuke kwa kivuko Pangani, na upepo ukizidi, kivuko hakina cha kujadiliana naye.

TMA wanaposema mvua kubwa wanamaanisha zaidi ya milimita 50 ndani ya saa 24. Milimita 50 ni lita 50 kwa kila mita moja ya mraba, yaani ndoo kubwa mbili na nusu. Imwagie kila mita ya mraba ya Mabawa, kisha ujiulize mitaro ile inapeleka wapi. Maji yanayokwenda kasi yenye kina cha sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 huweza kuinua gari dogo, na 60 husomba magari mengi. Bodaboda anayekwambia "hapa napajua, shika vizuri" hajui kama kalavati bado lipo chini ya maji hayo. Shuka. Mkikuta mtu amekwama, piga 114, Zimamoto na Uokoaji.

Wapo pia wanaosema vimbunga havifiki Tanga. Ni kweli tuko karibu na ikweta na vimbunga ni nadra kutufikia. Jobo, mwaka 2021, kilipungua nguvu kabla ya kufika pwani. Lakini Hidaya kiliingia Mafia tarehe 4 Mei 2024, na mvua zake zikakata barabara ya kusini upande wa Kilwa. Na upepo wa kuangusha mwembe juu ya nyaya za umeme hausubiri kupewa jina la kimbunga.

Sasa utaratibu, maana hapa ndipo kesi zinapozaliwa. Amua jioni, si saa kumi na moja alfajiri. Soma taarifa, ulizia njia yako, kisha mjulishe msimamizi wako kwa ujumbe wa maandishi: uko wapi, kipi kinakuzuia, na utajaribu tena saa ngapi. Picha ya daraja lililofunikwa inasaidia, ila usilisogelee daraja kwa ajili ya kuipiga. Utoro wa zaidi ya siku tano za kazi, bila ruhusa wala sababu inayokubalika, unahesabiwa kuwa kosa kubwa chini ya Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, na unaweza kukuachisha kazi. Angalia hapo pameandikwa "sababu inayokubalika". Mafuriko ni sababu. Mafuriko uliyoyataja wiki moja baadaye, bila ujumbe wala shahidi, ni hadithi.

Kwa mwajiri: siku isiyofanyiwa kazi kwa kawaida hulazimiki kuilipa, isipokuwa mkataba wa ajira au mkataba wa hali bora (ule kati ya mwajiri na chama cha wafanyakazi) useme vinginevyo. Mnaweza pia kukubaliana, kwa ombi la mfanyakazi, siku hiyo itoke kwenye likizo yake ya mwaka. Lakini kumkata siku tatu kwa kukosa moja "ili wengine wajifunze" ni makato yasiyo na msingi chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, maana hakuna sheria inayoyaruhusu na mfanyakazi hakuridhia kwa maandishi. Na yule mlinzi wa usiku ambaye mwenzake hakufika, usimwache getini mpaka jioni. Kikomo cha kawaida ni saa 12 kwa siku, saa za ziada zikiwemo, na hizo za ziada hulipwa mara moja na nusu ya malipo ya saa ya kawaida.

Ukitaka kumchukulia hatua, mpe tuhuma kwa maandishi, muda usiopungua saa 48 wa kujiandaa, na nafasi ya kuja na mwakilishi wa chama au mfanyakazi mwenzake. Kumfukuza kwenye kundi la WhatsApp si kikao cha nidhamu. Tumeyaona.

Mfanyakazi aliyeachishwa apeleke mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ndani ya siku 30, kwa fomu CMA F.1. Migogoro mingine, kama ya makato, ni siku 60. Ukichelewa, utajaza kwanza CMA F.2 kuomba kuongezewa muda, na hapo utatakiwa ueleze sababu ya kila siku iliyopita.