Nyukleosomu si shanga ya kusukumwa

Mchoro ule umerudi tena, safari hii kwenye slaidi za mhadhara wa chuo kikuu: uzi wa DNA ulionyooka, nyukleosomu (vifungu vya protini pamoja na DNA iliyovizunguka) zimetungwa juu yake kama shanga, na mshale unaosukuma shanga moja pembeni ili jeni "ifunguke". Naomba tuuache. Anayeanza na mshale huo hukosea karibu kila kitu kinachofuata.

Shanga ina tundu, na uzi hupita ndani yake. Kwenye nyukleosomu, DNA iko nje. Jozi 147 za besi (herufi za DNA: A na T, G na C) zimezungushwa takriban mara 1.65, kuelekea kushoto, juu ya kifungu cha protini nane ziitwazo histoni. Kila mahali ambapo mtaro mdogo wa DNA (ule mwembamba kati ya mitaro miwili inayozunguka heliksi yake) unageukia ndani, histoni huishika, na mahali hapo ni 14. Kumbuka pia kwamba DNA ni ngumu kupinda: kipande cha jozi 150 hivi, kikiachwa huru, hukaa karibu kimenyooka. Sasa sogeza nyukleosomu kwa jozi moja tu ya besi. Mishiko yote 14 lazima ihame. Kuing'oa yote kwa mpigo ni ghali mno, na hakuna mashine kwenye seli inayofanya hivyo ili kusogeza nyukleosomu.

Kinachofanyika ni hiki. Mota ya vimeng'enya vinavyosogeza nyukleosomu, kama Chd1, ISWI na SWI/SNF, haikai ukingoni mwa nyukleosomu ikisukuma. Hushika DNA ndani kabisa, kama mizunguko miwili ya heliksi kutoka katikati, huku kimeng'enya kimejishikiza kwenye histoni. Kisha huvuta DNA, takriban jozi moja ya besi kwa kila ATP, molekuli inayoipa seli nishati. Msokoto wa DNA hubadilika kidogo kwenye sehemu moja, badiliko hilo hupita kutoka mshiko hadi mshiko, mpaka jozi iliyoingia upande mmoja itokee upande wa pili. Inayotembea ni DNA, juu ya histoni. INO80 ndiyo inayovunja utaratibu, kwa sababu mota yake hushika karibu na ukingo, kwa hiyo tusizungumze kana kwamba familia zote nne zinafanya kazi kwa namna moja.

Vitabu huchora kifungu cha histoni kama jiwe. Mwaka 2017 kulitoka ushahidi kwamba SNF2h, wa familia ya ISWI, hulegeza histoni zenyewe ili DNA ipite, na ukizifunga zisilegee, msogeo huathirika. Lakini miundo mingine ya vimeng'enya hivi inaonyesha histoni zikiwa hazijabadilika hata kidogo. Mimi naamini kulegea kupo na ni kwa muda mfupi mno, ila sitamkatalia anayeniambia ushahidi bado haujatosha.

Halafu huja kundi la pili la wanaokosea, wanaosema: "mfuatano wa DNA ndio unaopanga nyukleosomu." Nusu ya ukweli, na nusu hii inanichosha kuliko uongo mzima. AA, TT na TA zikijirudia kila jozi 10 hivi hurahisisha mpindo, kweli. Mfuatano uitwao 601, uliochaguliwa maabara na kuchapishwa 1998, hushika histoni kwa nguvu kupita kiasi. Lakini angalia urefu wa mrudio huo: 10. Mfuatano unaamua uso upi wa DNA utazame ndani. Nyukleosomu ikihama jozi 10, uso uleule unatazama ndani tena, na gharama karibu haijabadilika. Nani basi anachagua kati ya nafasi hizo? Mwaka 2011, jenomu ya hamira ilipojengwa upya kwa histoni na DNA pekee, ule mpangilio wa safu unaoanzia mwanzoni mwa jeni haukutokea. Ulitokea ilipoongezwa rojo ya seli, yenye vimeng'enya ndani yake, pamoja na ATP. Mfuatano una sauti zaidi kwenye misururu mirefu ya A za promota (eneo la DNA linalotangulia jeni na kuiwasha), ambayo hukataa kupinda na kusaidia kuacha eneo tupu. Baada ya hapo ni kazi ya vimeng'enya.

Na ramani. Ukikata kromatini (DNA pamoja na protini zake) kwa MNase, kimeng'enya kinachokata DNA iliyo kati ya nyukleosomu, unapata grafu yenye vilele vizuri: nyukleosomu ya +1, yaani ya kwanza ndani ya jeni, kali, +2 nzuri, kufika +5 vimetawanyika. Watu husoma "nyukleosomu zimepungua". Hazijapungua. Kila seli inayo yake, imekaa mahali tofauti kidogo, na ramani ni wastani wa mamilioni ya seli. Mwaka 2012, hamira ilipimwa kwa njia ya kemikali inayokata DNA karibu na katikati ya kila nyukleosomu, na badala ya nafasi moja zikaonekana nyingi zinazopandana, mara nyingi zikitofautiana kwa jozi 10. MNase yenyewe hupenda kukata penye A na T, kwa hiyo promota huonekana tupu kuliko ilivyo. Ukiandika kwamba promota "iko wazi", sema ni katika asilimia ngapi ya seli zote. Kama ulichonacho ni wastani wa MNase tu, jibu hilo huna. Unahitaji mbinu inayosoma molekuli moja moja.