Je, wajua kwa nini baiskeli ya triali haina kiti?

Anayeiona mara ya kwanza hudhani kiti kimeibwa. Huinama, akatafuta bomba la kukishikilia, asilione. Fremu yenyewe imeshuka chini kama mgongo wa punda aliyechoka, na kati ya tairi la nyuma na usukani hakuna kitu ila hewa. Swali linalofuata ni lile lile siku zote: sasa mtu anakaa wapi?

Hakai. Triali ni mchezo wa kupita juu ya mawe, magogo, mapipa na kuta kwa baiskeli bila kuweka mguu chini. Si mbio. Mwendeshaji hupewa njia fupi iliyowekewa alama, kwa kawaida na dakika 2 za kuimaliza, na kila mguu ukigusa chini anaandikiwa kosa. Yakifika matano, njia hiyo imemshinda. Muda wote huo amesimama juu ya pedali. Akitaka kuruka huchuchumaa mpaka makalio yakaribie kugusa tairi la nyuma, kisha hujifyatua. Kiti kingekaa pale pale makalio yanapotaka kupita, na kingemfundisha adabu kwa namna ambayo hatakaa aisahau.

Mchezo huu umezaliwa na pikipiki. Huko Catalonia, Hispania, katika miaka ya 1970, Pere Pi, mwendesha pikipiki aliyefanya kazi na kiwanda cha Montesa, alimtayarishia mwanawe Ot baiskeli ili aigize yale ambayo wakubwa walifanya kwa injini. Ot alikua akawa bingwa wa dunia. Baiskeli za mwanzo zilikuwa na kiti. Kikaendelea kupungua mwaka hadi mwaka, kikabaki kama kipande cha sabuni, mwishowe kikaondoka kabisa. Kwenye triali ya mitaani kimebaki: Danny MacAskill, ambaye video yake ya mwaka 2009 iliyopigwa Edinburgh iliwafanya watu wengi waujue mchezo huu, alitumia baiskeli yenye kiti kidogo kilichoshushwa chini kabisa.

Lakini kiti ni dalili tu. Ukitaka kujiundia baiskeli ya triali, swali la kwanza ni miguu yako iko wapi ukilinganisha na ekseli ya nyuma, yaani chuma kinachopita katikati ya gurudumu la nyuma, kwa sababu mchezo mzima unachezwa juu ya gurudumu hilo moja.

Chukua baiskeli ya kawaida. Kutoka kitovu cha kranki, pale mikono ya pedali inapozungukia, hadi ekseli ya nyuma kuna, tuseme, milimita 430, na kitovu hicho kiko milimita 60 chini ya ekseli. Ukichora mstari kutoka ekseli kwenda kwenye kitovu, unateremka kwa digrii 8. Sasa chukua fremu ya triali yenye magurudumu madogo: umbali ni milimita 350 tu, na kitovu kimepandishwa milimita 80 juu ya ekseli. Mstari ule ule sasa unapanda kwa digrii 13. Tofauti ni digrii 21. Ili usimame juu ya gurudumu la nyuma lazima uizungushe baiskeli nzima kwenye ekseli hiyo mpaka miguu ikaribie kuwa juu yake, na fremu ya triali imeshakufanyia digrii 21 za kazi kabla hujavuta usukani.

Kwa nini basi kitovu kisipandishwe zaidi? Kwa sababu magurudumu yote mawili yakiwa chini, unakuwa umesimama juu ya kitu kirefu kwenda juu na kifupi kwenda mbele, kinachotaka kukuangusha upande wowote kitakaoupenda. Mabingwa hulipenda hilo. Anayejifunza na achukue fremu ambayo kitovu chake kimepandishwa kwa wastani, hata kama aliyemtangulia atamcheka.

Saizi ya magurudumu nitaipitia haraka. Mashindano ya shirikisho la kimataifa la baiskeli, UCI, yana madaraja mawili, inchi 20 na inchi 26. Ya inchi 20 ni nyepesi na hugeuka upesi. Ya inchi 26 hupanda ukuta kwa kulibingirisha tairi juu yake. Ya mitaani huwa inchi 24. Chagua kwa kimo chako na kwa unachotaka kurukia, ila ujue jambo moja: ile ya inchi 20 kwa kweli ina rimu ya inchi 19 nyuma, ili tairi nene la inchi 2.5 lipate nafasi bila gurudumu kuwa kubwa kuliko la mbele.

Sasa tufike kwenye mnyororo, ambapo baiskeli nyingi za kujiundia huharibikia.

Gia ni moja. Kwa magurudumu ya inchi 20 watu hufunga meno 18 mbele na 12 nyuma. Kwa inchi 26, 18 mbele na 15 nyuma. Ukizidisha saizi ya gurudumu kwa uwiano wa meno unapata 30 kwa ile na 31 na kidogo kwa hii, yaani karibu sawa. Ni gia nyepesi mno kusafiria, lakini kwa teke moja la kuruka ndiyo yenyewe. Jino lile la mbele, yaani kile kisahani chenye meno kinachovuta mnyororo, ni dogo pia ili lisigonge jiwe unapovuka.

Udogo huo una gharama. Mtu wa kilo 70 akisimama na uzito wote juu ya pedali moja, kwenye kranki ya milimita 170, analivuta jino la meno 18 ambalo nusu kipenyo chake ni kama milimita 36. Zidisha 70 kwa 170, gawanya kwa 36: mnyororo unabeba mvuto wa takriban kilo 330. Na huko ni kusimama tu, hajapiga teke. Kwenye jino la meno 44 la baiskeli ya kawaida, mtu yule yule angeuvuta mnyororo kwa kilo 134 hivi. Mimi niliwahi kupuuza mlio mdogo, tak, uliokuja kila nikikaza mguu. Siku ya tatu mnyororo uliruka jino nikiwa katikati ya teke, na goti likaenda moja kwa moja kwenye shingo ya usukani. Kovu lipo. Tangu hapo nikisikia tak, ninashuka.

Ndiyo maana pia friwili, kile kifaa kinachokuruhusu uache kukanyaga huku baiskeli ikienda, kwenye baiskeli nyingi za triali haiko nyuma, iko mbele kwenye kranki. Nyuma kuna jino lisilozunguka lenyewe, limefungwa kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, isiyo na kucha wala springi ndani, na habu ya namna hiyo haina cha kuvunjika. Friwili hufungwa kwa nyuzi upande wa ndani wa mkono wa kranki, na kwa sababu umeigeuza hivyo, kila teke linaikaza badala ya kuifungua. Jambo la kuchekesha ni kwamba baiskeli ikitembea, mnyororo nao hutembea hata kama hukanyagi. Ukivaa suruali pana utalikumbuka hilo.

Friwili yenyewe usiinunue kwa sura. Uliza inashika mara ngapi katika mzunguko mmoja. Ya kawaida inayoshika mara 18 ina pengo la digrii 20 kati ya mshiko na mshiko. Kwenye kranki ya milimita 175, hizo ni zaidi ya sentimita 6 ambazo mguu unaweza kuteleza hewani kabla nguvu haijafika kwenye tairi. Ya triali inayoshika mara 108 ina pengo la digrii 3 na theluthi, ambayo ni sentimita 1 tu. Mtu aliyesimama kwa gurudumu moja juu ya pipa hana sentimita 6 za kuchezea. Kama fedha ni ndogo, nunua fremu iliyotumika na friwili mpya. Kinyume chake sikishauri.

Breki nayo ina hadithi yake. Breki ya triali haipunguzi mwendo. Kazi yake ni kuligeuza gurudumu kuwa nguzo, papo hapo, kwa kidole kimoja. Ndiyo sababu nyuma wengi bado wanatumia breki ya rimu ya mafuta, na HS33 ya kampuni ya Magura ya Ujerumani imekaa kwenye baiskeli hizi miaka mingi. Breki ya diski inaweza pia, na mbele imezoeleka, lakini tazama hesabu: raba zinazobana rimu ya inchi 26 ziko sentimita 27 hivi kutoka kwenye ekseli, ilhali pedi za diski ya milimita 160 ziko sentimita 7 na kidogo. Ili kulizuia gurudumu lile lile, diski inahitaji msuguano zaidi ya mara tatu. Isitoshe, nguvu yake inapita kwenye habu na spoki kabla ya kufika kwenye tairi, na spoki hujipinda kidogo. Kidogo hicho unakisikia kwenye miguu.

Rimu laini haitoshi, kwa hiyo inakwaruzwa kwa grenda. Ndiyo, grenda ile ile ya kukatia chuma. Unavua tairi na tyubu, unavaa miwani, unalizungusha gurudumu polepole kwa mkono mmoja huku msaidizi wako akiligusisha jiwe la grenda kwenye ukuta wa rimu kwa mshazari, mguso mfupi, ainue, mguso mwingine. Unatafuta mikwaruzo myembamba iliyokaribiana, inayokwaruza ukucha ukiupitisha, si mitaro. Rimu ni alumini nyembamba. Ukilemea mahali pamoja umeitoboa. Kisha safisha vumbi lote na ufunge raba zilizotengenezwa kwa rimu za namna hiyo, maana za kawaida zitaliwa kama jibini kwenye mbuzi ya kukunia. Breki ikiwa sawa utaijua kwa sauti: inalia kama bata bukini, na majirani wataijua pia.

Ndani ya mfumo huo wa mafuta, waendeshaji wengi hutoa mafuta na kujaza maji. Maji hupita kwa wepesi kuliko mafuta, mkono wa breki unarudi haraka. Penye baridi ya kugandisha huchanganywa na dawa ya kuzuia kuganda. Na juu ya raba, fremu nyingi huhitaji kipande cha chuma chenye umbo la kiatu cha farasi kinachofunga pande mbili pamoja, kwa sababu ukibana kwa nguvu mabomba ya fremu hufunguka kwenda nje na nguvu yako inapotelea huko.

Upepo wa tairi la nyuma huwa mdogo kuliko utakavyodhani, pauni 18 hadi 25 kwa inchi ya mraba (psi) kutegemea uzito wako. Tairi linatakiwa likumbatie ncha ya jiwe, lijikunje, likurudishe juu. Likizidi kulegea, rimu inagonga jiwe na kuing'ata tyubu matundu mawili sambamba, kama jino la nyoka. Ongeza pauni moja, jaribu tena.

Kuhusu usukani sina mengi: mpana, wa milimita 720 hivi, ulioinuliwa juu na kusogezwa mbele, na mikono ya breki imesogezwa ndani ya vishikio ili kidole cha shahada kiangukie nchani, penye nguvu zaidi.

Wakati wa kufunga, anza na gurudumu la nyuma. Likiwa bado mkononi, piga kila spoki ya upande wa gia kwa kucha na usikilize. Zikitoa sauti inayokaribiana, zimekazwa sawa. Moja ikitoa sauti nzito ya kulegea, iandame hiyo kabla ya jingine lolote. Kisha liingize kwenye fremu na utafute vile vipande viwili vya chuma kwenye ekseli vyenye ukingo unaopanuka kwa mzunguko kama gamba la konokono. Kila kimoja ukikizungusha kinaisukuma ekseli nyuma kidogo na kuukaza mnyororo. Visukume vyote viwili kwa kipimo kimoja, la sivyo gurudumu litakaa upande.

Mnyororo ukikaa, usiupime mahali pamoja. Zungusha kranki polepole mzunguko mzima, kwa kuwa hakuna jino lililo duara kamili, na utaona mahali unakaza na mahali unalegea. Pima pale unapokaza: katikati yake ubonyee kama sentimita 1. Funga nati. Simama kwenye pedali, shika breki zote mbili na ulisukume gurudumu mbele na nyuma kwa mwili. Likisogea hata upana wa ukucha, kitu kimelegea, na usipande popote mpaka ukipate.

Baada ya saa chache za kwanza za kuruka, mnyororo mpya utakuwa umerefuka kidogo. Legeza nati, sogeza konokono hatua moja kila upande, kaza tena.