Daktari akikosea kwenye faili lako, nani anaruhusiwa kusahihisha?

Chukulia mama wa Mikindani amefika Ligula, hospitali ya rufaa ya mkoa wa Mtwara, na karatasi ya rufaa aliyotoka nayo zahanati inasema hana mzio wa dawa yoyote. Yeye anajua fika kwamba sindano ya penisilini iliwahi kumvimbisha uso. Je, daktari wa Ligula anaweza kukata neno "hana" akaandika "ana"?

Hawezi. Maandishi ya tabibu hurekebishwa na aliyeyaandika. Daktari wa Ligula ataandika kwenye faili la hospitalini, kwa jina na saini yake, kwamba mgonjwa ameeleza ana mzio wa penisilini, na watakaomhudumia baadaye watafuata hilo. Hata daktari bingwa hafuti alichoandika daktari aliye mafunzoni chini yake. Anaandika maoni yake mwenyewe hapo chini.

Na mwandishi mwenyewe? Naye hafuti. Kwenye karatasi anapiga mstari mmoja juu ya kosa, maneno ya awali yaendelee kusomeka, kisha anaandika lililo sahihi, tarehe, saa na saini. Wino mweupe wa kufutia haufai kabisa. Kwenye kompyuta anaongeza maelezo mapya, na mfumo mzuri hutunza yale ya kwanza pamoja na jina la aliyebadilisha.

Kwa nini ugumu wote huu? Tuseme mama yule alichomwa penisilini saa nne asubuhi kwa kuwa maandishi yalisema hana mzio, akazidiwa. Mtu akifuta "hana" jioni, faili litasomeka kana kwamba muuguzi aliliona onyo na bado akachoma sindano. Muuguzi atabebeshwa kosa lisilo lake, na hakuna atakayegundua kwamba mgonjwa hakuulizwa vizuri tangu mwanzo. Kesho atakuja mwingine, naye hataulizwa. Hilo ndilo linalonifanya niamini kwamba kosa lililoachwa lionekane linalinda watu wengi kuliko ukurasa msafi.

Jina, umri na kijiji ni jambo jepesi zaidi: hayo kwa kawaida hurekebishwa mapokezi au masjala, ukionyesha kitambulisho.

Mgonjwa hashiki kalamu, ila ana haki ya kudai. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inazihesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti, na inampa mtu haki ya kuomba zisizo sahihi zirekebishwe. Akipuuzwa, anaweza kupeleka malalamiko kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Marekani, kanuni za HIPAA, sheria inayolinda taarifa za afya za wagonjwa, zinampa mtoa huduma siku 60 za kujibu ombi kama hilo, na anaweza kujiongezea 30 mara moja tu. Akikataa, mgonjwa ana haki ya kuandika kwamba hakubaliani, na maelezo yake yaambatane na rekodi. Natamani utaratibu huo uzoeleke na huku kwetu, maana kuna maandishi yanayomuuma mtu, kama kuitwa mlevi ilhali hajawahi kuonja pombe, na daktari ameshikilia msimamo wake.

Ukiona kosa, anza na tabibu aliyekuhudumia. Kama amehamishwa, mwone mganga mfawidhi, umpe ombi lako kwa maandishi, ubaki na nakala.