Riwaya ya picha ya kuchekesha ni nini, na inamsaidiaje mtoto kupenda kusoma?

Riwaya ya picha ni hadithi kamili inayosimuliwa kwa michoro iliyopangwa kwenye visanduku, na maneno ya wahusika huwekwa ndani ya maputo. Kibonzo cha gazetini humaliza utani wake kwa visanduku 3 au 4. Riwaya humchukua msomaji kurasa nyingi akiwa na wahusika walewale. Ile ya kuchekesha ndiyo inayomfaa zaidi mtoto wa darasa la kwanza hadi la tatu, na sababu iko kwenye namna utani unavyosukwa.

Chukua ukurasa kama huu. Kijana amepanda kifodi (daladala ndogo) Kilombero, Arusha, anakwenda Ngaramtoni, kapu mapajani. Konda anauliza amebeba nini. Puto linajibu: "Nyanya tu, konda." Lakini kwenye mchoro, upanga mwekundu wa jogoo unachungulia kapuni. Kisanduku kinachofuata kina neno moja tu, kubwa: KOKORIKOO! Aliyesoma maneno bila kutazama mchoro hacheki. Aliyetazama mchoro bila kusoma hajui kwamba kijana amedanganya. Kwa hiyo mtoto akicheka ujue ameelewa, huna haja ya kumtungia maswali. Na kwa vile utani ni mtamu ataurudia mara 4 au 5, na huko kurudia ndiko kunakomtoa kwenye kusoma silabi mojamoja.

Kiswahili kimebarikiwa hapa kwa tanakali sauti: kuanguka pu, kuvunjika kacha, kutumbukia chubwi. Silabi "bwi" ikiandikwa ubaoni humtoa mtoto jasho. Mchoree mbuzi anayetumbukia kwenye mfereji wa kumwagilia migomba kule Marangu, ataipiga kelele mwenyewe.

Wapo wazazi wanaosema hicho si kitabu cha kusoma, wakakificha mpaka mtoto amalize "vitabu vya maana". Wanakosea, na wanamnyima mazoezi aliyoyataka mwenyewe.

Unapochagua, tafuta chenye visanduku 3 hadi 6 kwa ukurasa na maneno yasiyozidi 10 kwa puto. Angalia pia herufi: katuni nyingi huandikwa kwa herufi kubwa tupu, na mtoto aliyezoea herufi ndogo za darasani hukwama, ukadhani hajui kusoma. Kosa jingine ni mpangilio. Visanduku husomwa kutoka kushoto kwenda kulia, kisha mstari wa chini. Ndani ya kisanduku, puto la juu kushoto hutangulia. Mtoto akianza na jibu kabla ya swali, utani umekufa. Mwonyeshe kwa kidole kurasa 2 za mwanzo, kisha mwachie.

Dakika 15 zinatosha. Kwanza mpitie michoro bila kusoma, abashiri kinachotokea. Halafu mgawane wahusika, yeye awe konda, wewe abiria. Usimweleze utani kabla hajaufikia, wala usimfunulie ukurasa: mara nyingi kichekesho kimefichwa nyuma yake.

Kitabu kikikosekana, kunja karatasi ya A4 mara mbili, ikunjue, una visanduku 4. Achore kwa penseli kisa cha nyumbani: bibi, ndizi, kuku jikoni. Akiandika "chubui", cheka kwanza, kisha mwandikie "chubwi" pembeni.